Sabufa Ukutani: Uchambuzi wa Kisa cha Kibanda Umiza na Jirani Yake

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, wajumbe wa mashina na yeyote anayekalishwa katikati ya majirani wanaogombana. Majina, mtaa na alama zote za kuwatambulisha wahusika zimeondolewa. Wahusika wakuu wawili waliridhia kisa chao kisimuliwe.

Nimekichagua kwa sababu kesi za kelele huwa tunazidharau. Mtu akija kulalamikia shamba au mirathi tunavuta kiti na kufungua daftari. Akija na kelele za jirani tunamwambia akazungumze naye, kana kwamba hilo ndilo jambo jepesi.

Usuli

Mlalamikaji ni mama wa makamo, muuguzi. Nitamwita Nesi. Anaishi na mwanawe wa darasa la saba katika chumba na sebule, ndani ya nyumba ya kupanga yenye wapangaji saba. Kazi yake ina zamu tatu. Akiingia zamu ya usiku hurudi nyumbani kama saa 3 asubuhi na kulala hadi alasiri.

Nyuma ya chumba chake palikuwa na uchochoro na stoo ya mbao. Mwenye kiwanja cha jirani aliibomoa stoo, akasimamisha banda la mabati na kulikodisha kwa kijana mmoja, ambaye nitamwita Mwenye Banda. Kijana akafungua kibanda umiza: mabenchi tisa, televisheni moja kubwa, king'amuzi, deki na sabufa. Mchana muvi za kutafsiriwa, usiku mpira, Jumamosi asubuhi katuni za watoto kwa kiingilio kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo sote tulilipita kwa wiki kadhaa bila kuliona. Banda lilikuwa na kuta tatu tu za mabati. Ukuta wa nne ulikuwa ukuta wa tofali wa nyumba ya kina Nesi, ule ule ambao upande wa ndani kitanda chake kimeuegemea. Fundi aliona ukuta uliokwisha kujengwa akaokoa mabati. Mabanda ya namna hii yamejaa kwenye mitaa yetu, kwa hiyo ukipokea kesi kama hii anza kwa kuzunguka nyuma ya nyumba.

Ugomvi ulivyokua

Mwezi wa kwanza Nesi hakusema kitu kwa Mwenye Banda. Alisema na wapangaji wenzake, alisema na ndugu zake kwenye simu, na akishindwa kulala aliwasha redio yake ifunike. Mwanawe alihamia ukumbini na madaftari, chini ya taa ya koridoni, maana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa unakaribia.

Mwezi wa pili alimtuma mtoto. "Nenda ukawaambie mama anaomba wapunguze." Mtoto wa miaka kumi na tatu akasimama mlangoni mwa banda lililojaa wanaume mpira ukiendelea. Alirudi akasema wamecheka. Mwenye Banda anaapa hakumwona mtoto yeyote usiku ule, nami naamini wote wawili wanasema kweli.

Wiki zilizofuata Nesi akaanza kugonga ukuta kwa mchi wa kinu. Kwake ulikuwa ujumbe. Kwa waliokuwa ndani ya banda ulikuwa uchokozi, na jibu lake lilikuwa kuongeza sauti.

Kisha ikaja siku ya dabi, Simba na Yanga. Banda lilifurika, wengine wamesimama nje wanachungulia. Kipindi cha kwanza hakijaisha picha ikakatika. Waya wa dishi, uliopita juu ya paa la kina Nesi, ulikuwa umekatwa kwa kisu. Mwenye Banda alirudisha viingilio vyote kwa mkono wake, mtu mmoja mmoja, huku akitukanwa. Asubuhi yake aliigeuza sabufa ikautazama ukuta wa Nesi.

Mjumbe wa shina aliitwa, akasema "punguza sauti," sauti ikapunguzwa siku mbili. Nesi alikwenda polisi, akaambiwa warudi wakamalizane mtaani. Mwenyekiti wa mtaa akatishia kulifunga banda, na hapo vijana wa kijiweni wakaanza kumsema Nesi kila akipita kwenda kazini. Aliyeshtuka ni mtendaji wa mtaa. Akawaleta kwetu, wasaidizi wa kisheria.

Tulichosikia tukiwa ndani

Tulipokea maelezo ya kila mmoja peke yake. Nesi alisema anataka banda lifungwe. Mwenye Banda alisema sauti yake ni ndogo, tena ametumia pesa zake kubandika trei za mayai kwenye ukuta wote ili kelele zisipite. Alitaka alipwe hasara ya dabi.

Mwenzangu alishauri tuwaite mara moja, tuwasomee Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo, tumalize. Nilikataa, si kwa kudharau sheria. Kila mmoja wao alikuwa anazungumzia "sauti," na sikuwa na hakika kwamba wanazungumzia kitu kimoja.

Basi tukaenda kukaa chumbani kwa Nesi saa 9 alasiri, muvi ikiendelea upande wa pili. Tulikaa karibu saa nzima.

Maneno ya mtafsiri hayakusikika kabisa. Milio ya risasi ilikuwa hafifu, kama inatoka mtaa wa tatu. Kwa sikio la mpita njia Mwenye Banda alikuwa mkweli: sauti ilikuwa ndogo. Lakini juu ya meza ya Nesi palikuwa na bilauri ya maji, na kila muziki wa muvi ulipopanda maji yale yalijikunja vimduara vidogo vidogo kutoka katikati kwenda ukingoni. Niliweka kiganja ukutani, juu ya mto wake. Ukuta ulikuwa unapumua. Mfuniko wa sufuria uliokuwa rafuni ukaanza kulia peke yake, ukanyamaza, ukalia tena.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Hiki ndicho ninacholala nacho." Hakuna mtu aliyewahi kuingia kusikiliza kabla ya siku hiyo. Mjumbe, polisi, mwenyekiti, wote walikuwa wamesikilizia barabarani.

Tulipozunguka kwenda bandani tulikuta sabufa imekaa chini kwenye sakafu ya saruji, imeshikana na ukuta.

Maelezo ya kitaalamu ni haya. Mlio mwembamba, kama maneno au filimbi ya mwamuzi, huzuiwa kirahisi na ukuta wa tofali. Besi, ule mlio mzito, ni habari nyingine. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na wimbi la namna hiyo haliioni trei ya mayai wala pazia. Trei za mayai hupunguza mwangwi wa milio myembamba ndani ya chumba chenyewe, kwa hiyo aliyezibandika husikia tofauti kwake, akadhani na jirani amepona. Jirani hajapona. Kinachozuia besi ni uzito wa ukuta, kuziba mianya na, zaidi ya yote, kuitenga spika na jengo. Sabufa iliyokaa sakafuni na kuegemea ukuta haipigi hewa tu, inalipiga jengo lenyewe.

Ndiyo maana "punguza sauti" haikusaidia. Kijana alipunguza alichokisikia yeye. Nesi aliendelea kupata kile asichokisikia kijana.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, tuliamua kusogeza kifaa kabla ya kuwakalisha watu. Desturi yetu ni kinyume: kikao kwanza, utekelezaji baadaye. Lakini Nesi alikuwa hajalala vizuri miezi mitatu, na mtu asiyelala hasuluhishiki. Tulimwomba Mwenye Banda ajaribu kwa siku nne tu, bila kukiri kosa lolote: sabufa ihamie upande wa mabati, mbali na ukuta wa tofali, ipandishwe juu ya tairi kuukuu lililowekewa godoro la sponji lililokunjwa. Gharama ilikuwa sifuri, vitu vyote vilikuwa uani kwake.

La pili, hatukupima kwa simu. Programu za kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye simu za kawaida hazitegemeki, hasa kwa besi, na namba mbovu ikishaandikwa kwenye karatasi hugeuka silaha. Nilichotumia kama mwongozo ni mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, kwamba chumba cha kulala kibaki kwenye desibeli 30 hivi ili mtu alale vizuri. Sikulitaja hilo kikaoni. Bilauri ilitosha.

La tatu, tulimwita mwenye kiwanja. Huyu alikuwa anapokea kodi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote. Banda lake lilikosa ukuta wa nne.

La nne lilikuwa wazo langu, na matokeo yake nitayaeleza. Jumamosi moja nilipokwenda kuangalia kama sabufa imehamishwa nilikuta banda limejaa watoto, wamebanana kwenye mabenchi, wanatazama katuni ya zamani ya Kimarekani. Niliitambua: Long-Haired Hare ya Chuck Jones, ya mwaka 1949. Sungura ameketi anajipigia banjo na kuimba, na nyumba ya jirani mwimbaji wa opera anafanya mazoezi. Wimbo wa sungura unamwingia mwimbaji mdomoni, akajikuta anauimba yeye. Anatoka, anaivunja banjo. Sungura anachukua kinubi, kinaharibiwa. Anachukua tuba, safari hii anafungwa masikio kwenye tawi la mti. Ndipo sungura anatangaza vita, na vita hiyo inaishia kwenye jukwaa la Hollywood Bowl, tao zima likimwangukia mwimbaji kwa sababu ya noti yake mwenyewe aliyolazimishwa kuishikilia. Watoto walikuwa wanagaragara kwa kicheko. Mwenye Banda naye alikuwa anacheka, mkono kwenye fremu ya mlango.

Nilichokigundua nikiwa nimesimama pale ni kwamba katika dakika zile zote saba na ushei mwimbaji hamwombi sungura kitu. Hata neno moja. Anatoka na mikono. Nikamuuliza kijana, "Nani mkosa hapa?" Akajibu upesi, "Huyo mnene, kavunja gitaa la mwenzie." Nikamuuliza kama sungura alijua kwamba anasumbua. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Hakuambiwa."

Kikao

Tulikaa siku ya sita, ofisi ya mtaa, saa 10 jioni, siku ambayo Nesi hakuwa na zamu. Sabufa ilikuwa imeshahama. Nesi aliingia akiwa amelala usingizi wa siku tano, na hilo lilionekana usoni kabla hajakaa.

Nilimwomba Mwenye Banda asimulie ile katuni. Nilidhani itawapa wote wawili mahali pa kusimama nje ya ugomvi wao. Alisimulia vizuri, mwenye kiwanja alicheka, mtendaji alicheka. Nesi hakucheka. Akasema, "Mimi nashika sindano, naingiza kwenye mishipa ya watoto wa watu nikiwa sijalala, ninyi mnaniletea katuni."

Chumba kilinyamaza, na alikuwa na haki. Kilichomfumbua macho kijana kilikuwa kidonda kwa mama huyu. Katuni ya jirani mwenye kelele inachekesha kwa sababu anayekosa usingizi ndani yake ni mtu wa kuchorwa.

Lakini kauli ile ndiyo iliyofungua kikao. Mwenye Banda hakujua kwamba jirani yake ni muuguzi. Alijua tu kwamba ni mama fulani anayegonga ukuta mchana wakati watu wazima wako makazini. Alisema, "Dada, samahani. Nilidhani unapenda tu ugomvi. Mama yangu alilazwa mwaka jana, najua kazi yenu." Nesi akamjibu, "Mdogo wangu, na mimi ningekuja mwenyewe. Nilimtuma mtoto kwa sababu niliwaogopa wale wanaume wako."

Suala la waya lilikuwa gumu zaidi. Nesi hakuukata. Alijua aliyeukata, mpangaji mwenzake, na alikaa kimya kwa sababu usiku ule moyo wake ulifurahi. Alilisema hilo mwenyewe bila kubanwa, na jina hakulitaja. Hatukumlazimisha. Tungetaka jina tungepata kesi ya jinai na nyumba yenye wapangaji saba wasioaminiana. Alijitolea kulipia nusu ya waya mpya. Mwenye Banda aliiachia hasara ya viingilio, ingawa ilimchukua muda, na alitaka iandikwe kwamba ameiachia. Tuliandika.

Hati ya makubaliano ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sabufa haigusi sakafu wala ukuta wa tofali. Baada ya saa 4 usiku sabufa inazimwa, mpira unatazamwa kwa spika za televisheni tu. Hili lilikuwa la lazima maana mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, na watu hutawanyika kati ya saa 6 na saa 7. Kila Jumapili Nesi anampelekea kijana zamu zake za wiki kwa ujumbe wa simu, na siku anayotoka zamu ya usiku sabufa inabaki kimya hadi saa 9 alasiri. Mwenye kiwanja anajenga ukuta wa nne wa banda, ukiachana na nyumba. Na Nesi akisumbuliwa hagongi ukuta wala hamtumi mtoto: anambipu Mwenye Banda mara moja na kukata. Kijana akiona namba ile anajua.

Matokeo

Hadi naandika haya imepita miezi mitano. Makubaliano yamevunjwa waziwazi mara moja, usiku wa fainali, alipokuwa amemwachia banda rafiki yake asiyejua chochote. Nesi alibipu mara nne bila jibu. Asubuhi kijana alikwenda mwenyewe mlangoni kwake kuomba radhi, na tangu siku hiyo anayeachiwa banda anaachiwa na simu. Kubipu kumetumika mara chache kuliko nilivyotarajia. Nesi anasema kinachomtuliza zaidi ni kujua kwamba upo mlango wa kubisha.

Ukuta wa nne haujajengwa. Mwenye kiwanja ameleta mchanga, tofali hazijaja.

Na kuna jambo baya zaidi. Tulipohamisha sabufa upande wa mabati tuliielekeza, bila kufikiri, kwenye uchochoro wa pili. Huko anaishi mzee mmoja peke yake. Mabati hayana uzito wa tofali. Yanapitisha karibu kila kitu. Mzee hakulalamika kwa wiki saba. Tulijua kwa bahati tu, mjukuu wake alipomwambia mjumbe kwamba babu siku hizi analala kwa binti yake mtaa wa pili.

Uchambuzi

Kusikiliza kutoka kitandani kwa mlalamikaji kulifanya kazi kuliko hatua nyingine yoyote. Kanuni za mwaka 2015 zimetaja mitetemo pamoja na kelele, lakini sisi tunaoshughulika na malalamiko mtaani tumezoea kusimama barabarani na kuuliza kama sauti ni kubwa. Mlalamikaji wa besi atashindwa kila mara kwa kipimo hicho, ataonekana mkorofi, na ukorofi utamwingia kweli.

Kutanguliza suluhisho la kifaa kabla ya kikao kuliniletea ubishi na wenzangu, kwamba tumemnyima kijana nafasi ya kujitetea. Ndiyo sababu tuliiita majaribio na kumwambia haikiri kosa. Bado naona ilikuwa sahihi hapa. Isingekuwa sahihi kama kuhamisha kungemgharimu pesa.

Zamu za wiki zilikuwa pendekezo la Nesi, si letu. Sheria zinazogawa siku kuwa mchana na usiku haziwezi kumlinda mtu anayelala mchana: muuguzi, mlinzi, mwoka mikate, dereva wa malori. Makubaliano ya majirani yanaweza, kwa sababu yanajua jina la mtu.

Katuni lilikuwa kosa langu la kipimo. Ilimfaa kijana tulipokuwa wawili mlangoni, ikabidi iishie pale. Kilicho chepesi kwa anayesumbua usikilete mezani mbele ya anayesumbuliwa. Lakini uchunguzi wenyewe nausimamia: katika miezi mitatu ya kisa hiki ujumbe ulikwenda kwa mtoto, kwa mchi, kwa kisu na kwa mjumbe. Ombi la ana kwa ana halikutolewa hata mara moja, na aliyestahili kulitoa alikuwa na sababu ya kweli ya kuogopa. Tukimwambia mwanamke anayeishi peke yake na mtoto "nenda ukazungumze naye," inatubidi tuulize atazungumza saa ngapi, amesimama wapi, na nani wengine wamesimama hapo.

Mzee wa uchochoroni ndiye kushindwa kwetu. Tulishughulika na waliolalamika, tukamhamishia mzigo asiyelalamika. Kabla ya kusogeza sabufa ilitupasa tuizunguke pande zote nne na kubisha hodi kila mlango. Ingechukua dakika ishirini. Kwenye fomu yetu ya kupokea malalamiko ya kelele nimeongeza mchoro mdogo wa mraba, sabufa katikati, na nafasi ya kuandika nani analala kila upande.

Kikao cha pili tumekipanga Jumamosi hii, baada ya katuni za watoto. Mzee amesema atakuja. Nesi amesema naye atakuja, akae upande wa babu.